Picha Kumi na Moja Kabla ya Jumapili

Ijumaa, tarehe 3 Machi

Shemeji amepiga simu. Dada mkubwa wa marehemu mke wangu, mkaguzi wa shule mstaafu. Mimi humwita Mkaguzi, lakini moyoni tu. Hakuuliza hali. Alisema amesikia picha za mdogo wake bado ziko chini ya kitanda, zimefungwa kwenye shuka, na huu ni mwezi wa nane tangu msiba. Alisema mtu hawekwi chini ya kitanda. Atakuja Jumapili ya wiki ijayo, na gari, na mablanketi ya kuzifungia. Kwake kuna ukuta.

Nani kamwambia? Binti yangu ghafla akaanza kuitazama dari.

Nami nikajibu nini? Nikajibu kwamba amechelewa. Picha zote zimeshatundikwa sebuleni, na majirani wanakuja kuzitazama! Maneno yalitoka yenyewe, kama uzi usiotiwa fundo. Kisha akasema vema, naye atakuja kuzitazama. Akizikuta ukutani kwa heshima, zitabaki. Asipozikuta, ataondoka nazo zote, na asisikie neno.

Zote! Sina sura nyingine ya mke wangu zaidi ya hizo. Nikifumba macho naona mikono yake tu, na jinsi alivyokuwa akiifunga kanga kwa nguvu alipokasirika.

Binti kasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu hii ina urefu wa siku tisa, inatosha. Niliwahi kushona suti tatu kwa siku nne, na bwana harusi mmoja alikuwa ananenepa huku nashona.

Nimeamua.

Jumamosi, tarehe 4 Machi

Nimezitoa chini ya kitanda. Nimezipanga sakafuni. Kumi na moja, na hakuna mbili zinazolingana. Mke wangu alikuwa hanunui fremu kwa ajili ya picha. Alinunua fremu iliyompendeza, kisha akatafuta picha ya kuingia humo. Harusi yetu imepata fremu kubwa kama mlango wa kabati. Binti alipokuwa mchanga kapata ya ukubwa wa kisanduku cha kibiriti, na alijigeuza, kwa hiyo limeonekana sikio tu. Sikio zuri. Mke wangu juu ya baiskeli asiyojua kuiendesha, anacheka.

Na wale wageni. Fremu moja ilitoka dukani na picha ndani yake, baba, mama na watoto wawili wenye meno mengi mno. Hakuitoa. Alisema wameshafika, wakae. Akawa anawafuta vumbi na kuwaulizia habari za shule. Nitawatundika nao.

Kila mwezi aliniuliza picha zitapanda lini. Nilisema kesho. Miaka tisa ya kesho.

Nimechagua ukuta unaotazamana na mlango. Aliupaka rangi mwenyewe, akiwa amesimama juu ya kiti, mimi nikishikilia kiti. Karibu na swichi kuna unywele wa brashi umegandia ndani ya rangi. Nimeupapasa kwa kidole. Bado upo.

Jioni jirani kachungulia dirishani. Ana drili moja, huiviringisha kwenye taulo kama mtoto aliyeogeshwa. Kauliza kama nahitaji fundi. Nikamwambia fundi anasemezana naye. Akacheka. Akasema fundi nguo si fundi, ukuta hauna vifungo.

Drili yake siitaki. Hata iwe ya dhahabu.

Jumapili, tarehe 5 Machi

Siku njema! Nimegundua njia.

Watu wasiojua kazi hutundika picha kwa kubahatisha. Mimi nitaukata ukuta kama koti. Kila picha nimeikatia karatasi yake ya gazeti. Nitazibandika karatasi ukutani, nitazihamisha mpaka nitosheke, nitatia alama ya msumari juu ya kila moja. Hakuna kukisia. Kazi ya kisomi.

Nimekata tangu asubuhi. Mkasi ulikuwa unaimba. Binti alipita na kikombe chake, akauliza mbona karatasi zote ni kubwa kuliko picha. Vidole viwili kila upande, alisema. Nilimtazama kwa huruma. Miaka ishirini na sita kaishi na fundi, bado hajui kwamba hakuna anayekata bila kuacha nafasi ya mshono. Nilimweleza taratibu. Akafungua mdomo. Nikamwambia baba yake alianza kukata kabla yeye hajaota jino. Akaufunga.

Nafasi ya mshono ni akiba. Aliyekata kubwa hupunguza. Aliyekata ndogo hulia.

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Nimefunga duka mapema. Kubandika.

Pini zangu za kushonea zimegoma. Nimepinda thelathini na moja, moja imenichoma chini ya kucha. Ukuta huu ni wa saruji hasa. Basi nikakoroga gundi ya unga wa ngano, kama tulivyofanya shuleni. Imeshika vizuri ajabu. Nimebandika kumi bila taabu. Ya kumi na moja, ya harusi, imefika kwenye pembe ya ukuta na kuzidi vidole sita.

Sikutaharuki. Nguo ikizidi, unafanya nini? Unapinda pindo. Nimeikunja ile ziada ikageukia ukuta wa pili. Imekaa safi kabisa, mkunjo umenyooka kama wa suruali ya afisa.

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikatazama. Karatasi kumi na moja zimebanana bila pengo. Moyo ulinijaa. Nilitaka kumwita mtu aje aone. Nikakumbuka huyo mtu hayupo.

Nikamwita binti. Kasema panafanana na ofisi inayofanyiwa matengenezo.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Siafu? Hapana, sisimizi. Lakini jeshi zima! Wameingia kwa chini ya mlango, wamepanda ukutani, wanakula gundi. Wamepita katikati ya harusi yangu kwa mstari mmoja. Binti kasema angalau wao wamefika ukutani.

Nyundo pia. Nilianza na alama ya kwanza. Msumari ukapinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu uliruka ukapotelea nyuma ya kochi. Kumi na minne kwa jumla, na ukuta una alama ndogo tu, kama za kung'atwa na mbu. Kidole gumba kimevimba. Leo nimeshindwa kuvaa kastabini, ile kofia ya kidole ya kushonea.

Kutoka dirishani sauti ya jirani: "Fundi! Huo mlango unaogonga hivyo, hawakufungulii?"

Nimefunga dirisha. Kwa heshima.

Siku tano zimebaki. Maji nimeyavulia nguo, lazima niyaoge.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Nimemwomba jirani. Naandika haraka ili niyapite maneno haya.

Alikuja dakika hiyo hiyo, ameshavaa ovaroli. Nadhani alikuwa nayo tangu Jumamosi. Drili haitoki bila yeye, alisema, ni kama mke. Akaniomba radhi, akawa anaifungua taulo polepole bila kunitazama. Sikukasirika. Watu wote siku hizi wanajikwaa kwenye neno hilo mbele yangu, kama kwenye kizingiti.

Kazi aliifanya vizuri, siwezi kukataa. Alama kumi na moja, matundu kumi na moja, kelele kama ya punda aliyekanyagwa. Alipofika kwenye ile yenye pindo akasimama. Akauliza hii karatasi inakwenda wapi. Nikamwambia atoboe penye alama, mengine ni ya kitaalamu. Akatoboa. Akafunga skrubu zote. Akapangusa drili kwa mate.

Kesho natundika. Mkaguzi na aje hata leo!

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Balaa.

Nilibandua karatasi. Nikatundika moja baada ya moja, nikiwa nimevaa shati jeupe kwa ajili ya tukio. Picha zote zimeachana vidole vinne vinne. Zinaonekana kama ndugu waliogombea urithi wakalazimishwa kupigwa picha pamoja. Kumbe nafasi ya mshono haikushonwa! Nani angeishona? Kwa uzi gani?

Tena pande zote mbili. Mbili huku, mbili kule, mara kumi na moja. Ndiyo maana ukuta uliisha.

Kisha ya harusi. Niliiinua, nikaiweka kwenye skrubu. Upande mmoja ukagonga ukuta wa pembeni. Nikasukuma kidogo. Karatasi inakunjwa. Fremu haikunjwi. Nilisimama pale nimemkumbatia mke wangu wa miaka ishirini na mbili, na mimi mwenyewe kando yake katika suti niliyoishona, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mke wangu hakuniambia habari ya huo mkono kwa miaka kumi. Nilipomuuliza mbona alinificha, alisema siku ile nilikuwa na furaha.

Nikaketi sakafuni nayo mapajani. Binti aliporudi kutoka kazini hakusema njia ya mwongo. Akavua viatu, akakaa nami, tukaitazama.

Baadaye alicheka mpaka akalala chali. Pindo! alisema. Baba kapinda pindo ukutani! Nami nikacheka. Ni mara ya kwanza kicheko kusikika katika nyumba hii tangu msiba.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Tumeanza upya. Binti hakutumia karatasi wala akiba. Kashika fremu yenyewe ukutani, kapiga mstari kwa chaki yangu, kapima kamba ya nyuma inashuka kiasi gani, basi. Dakika arobaini. Sijui haya kayasomea wapi, anafanya kazi duka la dawa.

Jirani karudi na taulo. Kafurahi kama mwalikwa. Alisema, "Fundi, ukuta si suruali, haupunguzwi kiuno!" Alilirudia hilo mara nne, na mara moja kwa mpita njia.

Sasa zimekaa. Zimekaa kweli. Harusi katikati, sikio la mtoto chini yake, wageni wenye meno karibu na dirisha wapate hewa.

Tatizo ni matundu ya zamani. Kumi na moja. Manne yamefichwa na fremu. Saba yako wazi, makubwa, yanakutazama. Binti kasema tuyazibe kwa saruji kidogo na kupaka rangi juu. Nimekataa. Nimekataa kwa sauti ambayo sikuikusudia. Ule ukuta aliupaka mama yake. Hakuna mtu atakayepita juu yake na brashi, hata mimi.

Binti alikwenda kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mkaguzi ataona matundu saba, atajua zimetundikwa juzi. Atajua nilidanganya. Atafungua mablanketi.

Fikiri, mwanamume!

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Nimefikiri.

Tundu moja hufichwa na picha moja. Matundu saba, picha saba. Sina. Lakini jirani ana ukumbi mzima wa picha zake na jamaa zake, zote zina fremu. Nimeazima saba mpaka Jumapili jioni. Alikubali kabla sijamaliza kuomba. Sharti lake moja tu, ile aliyoshika kombe la kuvuta kamba ikae mahali penye mwanga.

Sasa ukutani pana picha kumi na nane. Jirani na kombe. Mama mkwe wake. Wanawe wawili siku ya kuhitimu, kila mmoja na fremu yake. Paka. Gari aliloliuza. Na jirani tena, mgongo, akitazama ziwa.

Binti kaniuliza nitasema hao ni nani. Nimesema ukoo. Ukoo wa nani una gari peke yake kwenye fremu? Nimemwambia wapo watu waliopenda magari yao. Kasema kesho atakuwa na zamu. Nimemkumbusha kesho ni Jumapili. Kasema ataiomba.

Hakuiomba. Kanipigia pasi shati jeupe.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Shemeji amefika saa nne kamili. Mablanketi mkononi, hakuyaacha garini. Kavua viatu mlangoni, kamkumbatia binti muda mrefu, kanipa mkono. Kisha akaweka mikono nyuma akaanza kutembea mbele ya ukuta, hatua moja, kusimama, hatua moja, kusimama. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipita madarasani. Nilijikuta nimebana vidole kuficha kucha.

Mbele ya mdogo wake alikawia. Alipofika kwa wageni alitabasamu kidogo. Nikapumua.

Kisha kombe. Akauliza huyu ni nani.

Binamu yangu, nikasema. Upande wa baba. Akauliza mbona hakumwona msibani. Hapo nikaona maswali mengine kumi yanapanga foleni, nikataka kuyakata yote kwa mkasi mmoja. Nikasema naye ni marehemu.

Akanipa pole. Binti akakohoa. Nami nikaongeza kwamba alikuwa mtu wa watu, alitutoka ghafla.

Mlango ukagongwa. Jirani! Kavaa koti, kaja kujiona ukutani. Kasimama katikati ya sebule, akajielekezea kidole pale ukutani, akasema ile siku walivuta mpaka kamba ikakatika.

Shemeji akatazama picha. Akamtazama jirani. Akatazama picha. Nikatamani ukuta unifiche, nao una matundu kumi na moja.

"Karibu, marehemu," alisema. "Keti. Umetoka mbali."

Jirani aliketi. Hakuelewa, lakini aliketi. Shemeji akaniuliza kama gari nalo ni binamu.

Basi nikasema yote. Zilikuwa chini ya kitanda mpaka juzi. Nilidanganya kwenye simu. Nikaziondoa picha saba moja moja mbele yake, na matundu yakajitokeza. Nikamweleza nafasi ya mshono. Nikamweleza pindo. Jirani hakuweza kujizuia akasema lile la kiuno. Nilimweleza pia miaka tisa ya kesho, kwamba mdogo wake aliomba ukuta huu mara mia na mimi nilikuwa na mashati ya watu. Nikasema kama anazichukua, azichukue, haki yake. Ila aniachie siku moja nizitazame zikiwa juu, kwa sababu mdogo wake hakuwahi kuziona hivyo.

Shemeji alitia kidole chake kwenye tundu moja. Akakaa hivyo. Sikuwahi kumwona mkaguzi akitia kidole kwenye kosa.

Kisha akaniuliza kama nimewahi kujiuliza ni nani aliyepiga picha hizi. Sikuwahi. Miaka yote hii! Alinionyesha ile ya baiskeli. Chini, kwenye vumbi, mbele ya gurudumu, kuna kivuli cha kichwa na viwiko viwili vilivyonyanyuliwa.

"Huyo ni mimi," alisema.

Kamera ilikuwa yake. Alizipiga karibu zote, akampa mdogo wake zote, na kwake hakubakiza hata moja. Alisema sasa anapojaribu kumkumbuka, anaikumbuka sauti, lakini uso unakuja vipande vipande. Alidhani ni uzee. Aliogopa kuomba, akaona afadhali aje kunyang'anya.

Jirani akainuka, akamwachia kiti.

Nikaishusha ya baiskeli. Nikampa. Alisema moja inatosha, kumi zikae na wenyewe. Aliifunga katika mablanketi yote matatu, picha isiyozidi sahani. Binti akaibeba mpaka garini kama mgonjwa.

Jumanne, tarehe 14 Machi

Shemeji amepiga simu. Kauliza hali! Kaniuliza na kama nakula.

Picha bado iko juu ya kiti, kaielekeza mezani, wanakula pamoja. Anataka kuitundika. Alisema ni msumari mmoja tu, mlinzi wake anaweza. Nilimzuia palepale. Mlinzi! Nimemwambia kuta si kazi ya kila mtu, mimi sasa nina uzoefu. Nitakwenda Jumamosi. Akasema, "Haya, shemeji." Nadhani kafarijika.

Binti kasema nichukue pimamaji na futi, nipime nikishafika. Hajui anavyoipunguzia kazi hadhi. Fundi hufika na kila kitu tayari. Nimemwomba shemeji aupime ukuta kwa hatua zake, akiweka kisigino mbele ya kidole, huku mimi nikisubiri kwenye simu. Nilimsikia akihesabu. Ishirini na tisa, na nusu kidogo, halafu kabati.

Nimeshakata karatasi, nimeshatia alama ya tundu. Kiatu chake ndicho futi yangu, nilikiona mlangoni Jumapili, kirefu kidogo kuliko mkasi wangu. Sikukipima. Sikuona haja.